Mke wa mwanangu hamtazami mtoto wake. Je, nimkubali mama anayetaka kututembelea kila wiki?

*Swali: Mimi ni mama wa Kadutu, hapa Bukavu. Mwanangu yuko Kamituga anatafuta dhahabu, anarudi mara moja kwa miezi miwili au mitatu. Mke wake ana miaka 19 na anakaa kwangu. Alijifungua miezi minne iliyopita, na mtoto alikuja karibu wiki sita kabla ya wakati, mdogo sana. Anamnyonyesha, lakini hamtazami wala hamsemeshi. Kuna siku mtoto analia na yeye amegeukia ukutani. Usiku namsikia analia peke yake. Mtoto naye siku hizi amekuwa mpole, halii sana. Kituo cha afya kimetuma mama mmoja anayesema atakuja nyumbani kila wiki. Majirani wanasema hao wanaandika majina ya wazazi wabaya ili watoto wachukuliwe. Mimi nimelea watoto saba bila mtu kuja kunifundisha. Huyu binti ni mvivu au anaumwa? Na nimfungulie mlango huyo mama?*

Mama, asante kwa kuandika, na asante zaidi kwa jicho lako. Umeona mambo ambayo familia nyingi huyaona mtoto akiwa tayari ametimiza mwaka. Ndiyo, mfungulie mlango, ila kuna maswali ya kumuuliza kwanza, nitakutajia. Na mkwe wako, kwa jinsi unavyomweleza, sidhani kabisa kwamba ni mvivu. Mimi sijakaa naye, kwa hiyo siwezi kumpa jina la ugonjwa nikiwa mbali, lakini hayo uliyoyaandika yanatosha kumpeleka apimwe wiki hii.

Tuanze na yeye, kwa sababu ndiye aliyesahaulika katika maneno ya majirani. Siku za kwanza baada ya kujifungua wanawake wengi hulia ovyo, wanacheka asubuhi na jioni machozi yanatoka. Hiyo hupita yenyewe ndani ya wiki mbili hivi. Miezi minne ni jambo lingine. Mama anayelia usiku, anayegeukia ukutani, asiye na hamu hata ya mtoto wake, mara nyingi ana sonona ya baada ya kuzaa, yaani ugonjwa wa huzuni nzito. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba ugonjwa wa akili baada ya kujifungua, hasa huo wa sonona, huwapata kama 13% ya akina mama duniani, na katika nchi zinazoendelea karibu 20%. Yaani mmoja kati ya watano. Kwenye aveni yenu, hapo mtaani, kuna wengine, wamenyamaza tu.

Na ukiangalia maisha ya huyu binti, utaona mzigo alioubeba. Uzazi wa kwanza, miaka 19, mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati na pengine wiki za kwanza za kuogopa kwamba atakufa, mume yuko machimboni, naye anaishi katika nyumba isiyo ya mama yake. Sikulaumu kwa hilo la mwisho. Nataka ulione tu kwa macho yake. Kuna pia mambo ya mwili yanayofanana na uvivu: upungufu wa damu baada ya kuzaa humfanya mtu ashindwe hata kuinua ndoo, na malaria inayorudi-rudi nayo humaliza nguvu. Ndiyo maana nasema apimwe, damu yake pia, kabla ya mtu yeyote kumtungia jina.

Sasa mtoto. Kuna neno moja katika barua yako lililonishtua kuliko mengine yote, nalo ni "mpole". Tumezoea kumsifu mtoto asiyelia. Lakini mtoto aliyekuwa analia kisha akaacha, huku hakuna kilichobadilika katika kumhudumia, huenda ameacha kuomba.

Mtoto mchanga huzaliwa akitafuta uso. Anatazama, anatoa sauti, anarusha mikono, kisha anangoja. Mtu akimjibu, hata kwa kuinua nyusi tu, anaendelea. Kwenda na kurudi huko, mara nyingi kwa siku, ndiko kunakojenga ubongo wake katika miaka ambayo unakua kwa kasi kuliko wakati wowote mwingine wa maisha. Katika miaka ya 1970 mtaalamu wa Marekani, Edward Tronick, aliwaomba akina mama wacheze na watoto wao wa miezi michache, kisha kwa dakika chache tu wawatazame bila kubadilisha uso na bila kutoa sauti. Watoto walifanya kila walichoweza ili kumrudisha mama: walitabasamu, wakanyoosha mikono, wakapiga kelele. Walipokosa jibu, waligeuza kichwa na mwili ukalegea. Hao walikuwa watoto wa mama wazima, na uso ulirudi muda si mrefu. Mama mwenye sonona hachagui kuwa na uso ule. Ugonjwa ndio unaomfungia uso, siku baada ya siku, na mtoto hawezi kujua kwamba si kosa lake.

Aliyezaliwa kabla ya wakati huongeza ugumu. Sauti yake ni ndogo, hulala sana, huchoka haraka, na ishara zake ni hafifu kiasi kwamba hata mama mwenye afya hupitwa nazo. Mama hamsomi mtoto, mtoto hapati jibu, mama anaona mtoto hamtaki, anazidi kuzama. Hapo hakuna mwenye hatia.

Kabla sijaendelea, rekebisha hesabu moja. Mtoto wenu alitangulia wiki sita, kwa hiyo mnapoangalia anachoweza kufanya mhesabu kama ana miezi miwili na nusu, si minne. Msimlinganishe na wa jirani aliyezaliwa wakati mmoja naye. Chanjo, hata hivyo, hufuata tarehe halisi ya kuzaliwa. Na mwambie muuguzi aangalie kama mtoto anashtuka kwa sauti na kama anafuata uso kwa macho, kwa sababu watoto waliozaliwa mapema wana hatari zaidi ya shida za macho na masikio, na shida hizo nazo huweza kuonekana kama upole.

Umesema umelea saba bila mtu kuja kukufundisha. Naamini, na ujuzi huo utahitajika sana katika miezi inayokuja. Ila nakuuliza: ulikuwa peke yako? Wengi wa rika lako walijifungua wakiwa wamezungukwa na mama, dada, mashangazi na wake wenza, na wiki za kwanza mzazi alikuwa analishwa tu. Leo mji umejaa, watu wamekimbia vijiji vyao, kila mwanamke ameondoka alfajiri kutafuta cha kuuza. Huyo anayetaka kuja hajaja kupinga uliyoyajua. Anakuja kuziba nafasi iliyoachwa na wale wote, na hasa anakuja kwa ajili ya mama wa mtoto.

Ziara nzuri inafananaje? Anafika, anasalimia wenye nyumba, anakaa pale binti alipokaa, chini kwenye mkeka ikiwa ni hapo. Swali lake la kwanza ni kwa mama: umelalaje, umekula nini. Halafu anatazama bila haraka. Mtoto akigeuza macho kidogo kuelekea sauti ya mama yake, anasema: "Umeona? Amekutafuta wewe, hakunitafuta mimi." Mama hakuwa ameona. Anaombwa aseme chochote, hata jina la mtoto tu, kisha anyamaze na angoje. Mtoto wa aina hii anaweza kuchukua muda mrefu kabla ya kujibu, na kungoja huko ndiko akina mama wengi hawajaambiwa. Kisha mdomo unafunguka, mguu unarushwa, sauti ndogo inatoka. Mama anairudia ile sauti. Wiki ijayo wanaendelea kutoka hapo, labda kwa wimbo wakati wa kumwosha, au kichupa cha plastiki chenye punje chache za mahindi, kifuniko kikiwa kimekazwa kweli ili punje zisimfikie mtoto mdomoni. Mtu wa nje angesema hakuna kilichofanyika. Lakini binti ameonyeshwa kwamba mtoto wake anamtaka, na kwake hilo lina nguvu kuliko hotuba ya saa nzima.

Je, inasaidia kweli? Nitakupa ninayoyaamini, pamoja na yasiyopendeza. Huko Kingston, Jamaika, mwaka 1986 na 1987, watoto 129 waliodumaa waliingizwa katika utafiti. Baadhi yao walitembelewa saa moja kila wiki kwa miaka miwili na wahudumu wa afya wa kawaida, ambao walimwonyesha mama namna ya kucheza na kuzungumza na mtoto kwa vitu vya kuokota nyumbani. Walipofikia kama miaka 22, waliotembelewa walikuwa wanapata kipato cha juu kwa 25% kuliko wenzao ambao mama zao hawakuonyeshwa hayo. Katika mji wa Elmira, Marekani, wauguzi walianza mwishoni mwa miaka ya 1970 kuwatembelea wanawake wa uzazi wa kwanza, wengi wao wasichana wadogo na maskini, tangu mimba hadi mtoto afike miaka miwili. Miaka 15 baadaye, kesi zilizothibitishwa za watoto kuteswa au kutelekezwa katika familia hizo zilikuwa karibu nusu ya zile za familia nyingine. Na kwa shida kama ya mkwe wako, wa kutazamwa ni Pakistani: wahudumu wa afya wa vijijini, wasio madaktari wala wanasaikolojia, waliwatembelea wajawazito wenye sonona na kuendelea nao baada ya kuzaa. Mtoto alipofika miezi sita, waliobaki na sonona walikuwa 23%, wakati upande ambao haukupata mafunzo hayo walikuwa 53%. Kwa hiyo msimdharau mama wa watu kwa sababu hana diploma ya chuo kikuu.

Hapo jirani kwetu Rwanda kuna mpango unaoitwa Sugira Muryango, ambao huingia kwa familia maskini zenye watoto wadogo kwa ziara 12 hivi na kumtaka baba naye akae kwenye mazungumzo. Ulionekana kupunguza ukali na kipigo nyumbani, na baba walianza kushika watoto. Nautaja kwa sababu mwanao yuko mbali, na nitarudi kwake.

Upande wa pili: ziara si dawa ya kila kitu. Uingereza walichukua ule mpango wa wauguzi wa Marekani, wakaupima, na matokeo yaliyotoka mwaka 2016 hayakuonyesha faida ya ziada katika mambo makuu waliyoyapima. Sababu inayotajwa sana ni kwamba kule kila mzazi tayari anatembelewa na wakunga na wauguzi. Ziara zinaonekana kuleta tofauti kubwa pale ambapo mama hana mtu mwingine. Na ziara mbovu zipo pia. Mtu anakuja mara mbili, anajaza karatasi, anasoma ushauri kama anahubiri, kisha mradi unaisha anatoweka. Kwa mama mwenye sonona, kuachwa hivyo kunaumiza. Na hakuna ziara inayojaza sahani. Kama binti anakula bugali na sombe mara moja kwa siku huku ananyonyesha, mwambieni mtembeleaji waziwazi, ili awaunganishe na huduma ya lishe ya kituo.

Sasa maneno ya majirani. Reko, yaani mhudumu wa afya wa kujitolea katika jamii, au mtembeleaji wa kituo cha afya hana mamlaka yoyote ya kumchukua mtoto. Sheria ya Kongo namba 09/001 ya tarehe 10 Januari 2009 ya ulinzi wa mtoto imeweka mambo hayo mikononi mwa mhudumu wa jamii wa serikali na jaji wa mahakama ya watoto, na ni kwa mtoto aliye katika hatari. Mama anayeumwa na kukubali kusaidiwa si hatari hiyo. Lakini sitawacheka majirani, maana watu wa kudanganya wapo. Yeyote anayesema "nipe mtoto nimpeleke kwenye nyumba ya watoto wanakolelewa vizuri" asipewe hata nguo ya mtoto, na shefu wa aveni aambiwe siku hiyohiyo.

Kwa hiyo kabla ya ziara ya kwanza, nenda wewe mwenyewe kituoni, mtafute muuguzi mkuu, umuulize kama anamjua huyo mama na kama ni wao waliomtuma. Kisha muulize mtembeleaji: utakuja siku gani na kwa miezi mingapi? Unaandika nini kwenye daftari, na nani analisoma? Ukihama au mradi ukiisha, nani atatufuata? Hudaiwi pesa kwa ziara, na hakuna sababu ya kumpiga picha binti au mtoto. Asiyeweza kujibu maswali hayo kwa utulivu, mrudishe kituoni. Na mkwe wako ndiye wa kusema ndiyo au hapana, Mama. Wewe unafungua mlango, yeye anafungua moyo, na akilazimishwa hautafunguka.

Mpeni pia nafasi ya kuzungumza na mtembeleaji bila wewe kusikia. Najua nyumba za mbao za Kadutu, ukuta mmoja kwa watu wawili. Chukua mtoto mwingine uende naye bombani, au wao wakae nje karibu na jiko. Huenda kuna jambo hajamwambia mtu. Katika mji wetu huu, baada ya yote tuliyopitia, wanawake wengi wamebeba mizigo mizito moyoni, na wengine mimba yenyewe ina historia. Usimhoji. Akiwa na mtu anayerudi kila wiki bila kumhukumu, siku moja atasema.

Kazi yako wewe ni kubwa na ngumu kuliko ya mtembeleaji, kwa sababu uko hapo usiku. Mpe usingizi: mtoto akishanyonya saa tatu, mchukue wewe, umweke kifuani, binti alale mpaka atakapotaka tena ziwa. Lakini usimchukue mtoto moja kwa moja ukawa wewe ndiye mama. Nawaona bibi wenye upendo wakifanya hivyo, na mama anabaki na uhakika kwamba hafai. Mwoshe mtoto mkiwa wawili, wewe shika maji, yeye ashike mtoto. Acha kabisa neno "mvivu" na usiruhusu wageni walitumie ndani ya nyumba yako. Na mpaka miezi sita mtoto apate maziwa ya mama tu, bila maji, bila uji wa masoso hata kama jirani anasema ni mwembamba. Uzito wake upimwe kila mara kituoni. Uzito ukisimama kati ya vipimo viwili, msingoje cha tatu.

Kuna jambo la imani nisiloweza kulipita. Kama mmeenda au mnafikiria kwenda kwenye chumba cha maombi, ombeni. Ila asifungishwe kula huku ananyonyesha, asiachishwe matibabu, na mtu yeyote asithubutu kusema mtoto huyu ni mchawi kwa sababu alizaliwa mdogo au ni mkimya. Sheria hiyohiyo ya 2009 inaadhibu anayemsingizia mtoto uchawi.

Yafuatayo hayangoji ziara wala wiki ijayo. Binti akisema anataka kufa au kwamba mtoto angekuwa afadhali bila yeye, akikesha siku kadhaa bila kulala hata mtoto akiwa amelala, akisikia sauti ambazo ninyi hamzisikii, au akisema kwamba mtoto si wake, kwamba mtoto ameingiwa na kitu au kwamba lazima mtoto aondolewe: binti asiachwe peke yake hata dakika, mtoto awe mikononi mwa mtu mwingine, na mumpeleke siku hiyohiyo. Bukavu tuna kituo cha SOSAME kwa ajili ya afya ya akili, na hospitali ya Panzi ina wanasaikolojia. Ikiwa usiku na njia ni mbaya, anzieni kituo kilicho karibu. Mwambieni daktari kwamba ananyonyesha. Zipo dawa za sonona anazoweza kutumia bila kumwachisha mtoto, na mara nyingi kuachisha ziwa si lazima. Kwa mtoto, ishara za kukimbilia kituoni ni kukataa kunyonya, kupumua haraka au mbavu kuzama anapovuta pumzi, degedege, mwili kuwa wa moto au wa baridi isivyo kawaida, au kulala kiasi kwamba haamki mnapomchezea.

Sasa mwanao. Mpigie simu Kamituga. Usimwambie "mke wako amebadilika", mwambie "mke wako anaumwa, anahitaji kusikia sauti yako". Aongee naye kila anapopata mtandao, na simu iwekwe karibu na sikio la mtoto pia, amwite jina. Akituma pesa, sehemu ipite mikononi mwa mke wake, hata kidogo, aweze kununua sabuni bila kukuomba. Na mtembeleaji apewe tarehe anayotarajiwa kurudi, ili ziara ya wiki hiyo imkute nyumbani.

Wengi huanza kubadilika baada ya wiki kadhaa, si baada ya ziara ya kwanza: mama anaweza kubaki ameinama huku mtembeleaji akiongea na hewa. Msimfukuze kwa hilo. Lakini kama ziara nne zimepita na binti hajapata hata siku moja nyepesi, hali chakula na bado analia usiku, basi ziara peke yake hazitoshi. Nendeni wote watatu kwa daktari, wewe, yeye na mtoto, na mchukue karte ya mtoto na daftari la mtembeleaji.